Flashi ya uokoaji ya Linux: kwa nini nimebaki na SystemRescue

Linux ikigoma kuwaka baada ya masasisho, mara nyingi mafaili yako yapo salama, ila njia ya kuyafikia ndiyo imekatika. Kwa hiyo flashi ya uokoaji naipima kwa mambo mawili: iwake kwenye mashine iliyo mbele yangu, na iweze kufungua diski yake. Wingi wa programu zilizomo haunibabaishi.

Ninayoitumia zaidi ni SystemRescue, mfumo wa uokoaji uliojengwa juu ya Arch, aina mojawapo ya Linux. Inakuletea skrini ya maandishi, tayari wewe ni root (mwenye mamlaka yote), hakuna kuulizwa nenosiri. Ukitaka madirisha unaandika startx, Xfce inakuja. Karibuni niliichomeka kwenye laptopu iliyokuwa inaishia kwenye ujumbe wa GRUB, programu inayoiwasha Linux: "grub rescue>". Diski ilikuwa imefungwa kwa LUKS (usimbaji wa diski wa Linux), na ndani yake kuna LVM, inayoigawa diski kwa volumu. Nikaanza na cryptsetup open, nikaweka nenosiri la mwenye mashine, nikaziamsha volumu kwa vgchange -ay, nikazipachika pamoja na patisheni za /boot na EFI, nikaingia ndani ya mfumo ulioharibika kwa arch-chroot, kana kwamba ndio umewaka. Kutoka hapo ni grub-install na kutengeneza menyu upya. Kila kitu kilikuwemo kwenye flashi.

Kuna pia chaguo la kuwasha la copytoram: mfumo mzima unahamia RAM, unachomoa flashi, na tundu la USB linabaki huru kwa diski ya nje. Diski ikiwa inakufa, hiyo nafasi utaihitaji, maana kazi ya kwanza ni kunakili kwa ddrescue kwenda diski nyingine, pamoja na mapfile (faili linaloandika ilipofika) ili ikikatika iendelee ilipoishia. fsck, ya kurekebisha mfumo wa mafaili, baadaye, tena kwenye nakala. Ukiiendesha kwenye diski mgonjwa unaimalizia.

Kinachoniudhi ni Secure Boot, ulinzi unaoruhusu kuwaka kwa mifumo yenye sahihi inayoaminika tu. SystemRescue haiwaki mpaka uuzime ulinzi huo kwenye UEFI (mipangilio ya mashine), na kama Windows yenye BitLocker (usimbaji wake wa diski) nayo imo humo, uwe na ufunguo wa kurejesha mkononi kabla hujagusa chochote. Kwa mashine za watu wengine nabeba Ubuntu ya kawaida, ambayo Secure Boot inaikubali, na chroot ni ileile kwa kuandika amri zaidi kidogo.

ISO (mafaili ya mifumo ya kuwasha) nyingine, kama Rescuezilla ya kunakili diski nzima, nazirundika kwenye flashi ya Ventoy, programu inayokuwezesha kuwasha ISO nyingi kutoka flashi moja. Ubuntu ina flashi yake peke yake, kwa sababu Ventoy nayo inataka uandikishe ufunguo wake kwanza Secure Boot ikiwa imewashwa.