COPASI na kolesteroli ya seli: programu ya bure inayostahili nafasi kwenye laptopu yako

Kama ulisoma milinganyo tofautishi chuoni ukabaki unajiuliza ina kazi gani nje ya mtihani, pakua COPASI. Nimeitumia kwenye tasnifu yangu ya uzamili wa hisabati, nikichunguza jinsi seli ya ini inavyojipimia kolesteroli, na hadi leo naifundishia wanafunzi wangu hapa Morogoro. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, inakubali Windows, Mac na Linux, na ukishaisakinisha haikudai intaneti. Hilo la mwisho kwangu ni kubwa. Bando likiisha, kazi inaendelea.

Nyuma yake wapo Pedro Mendes, Ursula Kummer na wenzao, kupitia vyuo vya Marekani, Uingereza na Ujerumani. Mendes alianza na programu iitwayo Gepasi miaka ya 1990. COPASI ndiyo mrithi wake, na makala iliyoitambulisha ilitoka 2006. Kazi yake ni moja: unaiandikia mimenyuko ya kemikali, yenyewe inaijenga milinganyo na kuitatua. Wapo watu wa baiolojia wanaoitumia bila kuitazama hiyo milinganyo hata mara moja. Mimi niliipenda kwa sababu haiifichi. Kuna ukurasa unaoionyesha yote, mstari kwa mstari, na unaweza kuihifadhi kwa LaTeX, lugha ya kuchapia hisabati, ukaibandika kwenye tasnifu.

Sasa kolesteroli, kwa maana programu ya namna hii huwezi kuipima bila swali la kweli mkononi.

Seli inahitaji kolesteroli kwa ajili ya utando wake, lakini ikizidi inaidhuru. Kwa hiyo kuna ulinzi. Protini inayoitwa SREBP-2 imekaa kwenye utando wa retikulamu ya endoplazima, mtandao wa mifereji ndani ya seli, imeshikana na mwenzake, SCAP. Kolesteroli ikiwa ya kutosha, protini ya tatu, Insig, inawazuia wote wawili wasiondoke. Ikipungua chini ya takriban molekuli 5 katika kila 100 za mafuta ya utando huo, wanaachiliwa, wanasafiri hadi Golgi, sehemu ya seli inayochakata protini, na huko SREBP-2 inakatwa na vimeng'enya viwili. Kipande kinachobaki huru kinaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni, zikiwemo ya HMGCR, kimeng'enya kinachosimamia utengenezaji wa kolesteroli, na ya kipokezi cha LDL, chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu; kipokezi hicho huzivuta ndani ya seli. Kiwango kinapanda, na mlango wa Insig unafungwa tena. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, waliokigundua kipokezi hicho, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na maabara yao ndiyo iliyochambua sehemu kubwa ya mtambo huu.

Mtu wa hisabati akisoma aya hiyo anaona kitu kimoja: mrejesho hasi, yaani zao linalozuia uzalishaji wake lenyewe, wenye hatua kadhaa. Na swali linakuja lenyewe. Je, mfumo kama huu unatulia, au unayumbayumba milele?

Nilianza na vitu vitatu tu: mRNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini), HMGCR na kolesteroli. Kuandika mmenyuko ni rahisi: kushoto kinachotumika, kisha mshale, kulia kinachotoka, halafu nukta-mkato na jina la kitu kinachoathiri kasi bila chenyewe kuliwa. Sheria ya kasi ya kolesteroli kuizima jeni niliiandika mwenyewe kwenye sehemu ya fomula. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanakwama. Ukiandika fomula mpya lazima uieleze programu herufi ipi ni kigezo na ipi ni dutu inayoathiri kasi, la sivyo huwezi kuiunganisha na modeli. Ukishalijua hilo, kilichobaki hakisumbui.

Ukali wa swichi, yaani kipeo cha Hill, niliuweka 4. Grafu ilipanda, ikashuka kidogo, ikapanda tena kwa kiasi kidogo zaidi, ikatulia. Nikaenda kwenye zana ya hali tulivu, na hapo COPASI ilinipa kitu ambacho kwa kalamu kingenila wiki: matriksi ya Jacobi (jedwali la jinsi kila kitu kinavyoathiri kasi ya kingine), thamani aigeni zake zote, yaani namba zinazoonyesha kama msukosuko mdogo utakua au utafifia, na kauli ya wazi kama hali hiyo ni thabiti au la. Mbili zilikuwa namba changamano zenye sehemu halisi hasi. Ndiyo maana ya lile wimbi linalofifia.

Kuna tokeo la zamani, la Griffith mwaka 1968: katika mzunguko wa hatua tatu zenye kasi sawa za uharibikaji, mawimbi ya kudumu hayatokei mpaka kipeo kizidi 8. Nikaiagiza programu ipitie kipeo kutoka 2 hadi 12, uzalishaji ukiwa mkubwa. Chini ya 8 kila kitu kilitulia, na baada ya kuuvuka mpaka huo mawimbi yakaanza kudumu. Nililijua tokeo hilo kwa uthibitisho wa ubaoni. Kuliona likitokea mbele yangu, kwa kolesteroli, kulinipa furaha ambayo sijui niiseme vipi.

Halafu nikaongeza hatua mbili: safari ya kwenda Golgi na kuingia kwenye kiini. Zikiwa hatua tano, mpaka unashuka hadi karibu 2.9, na kile kipeo cha 4 ambacho awali kilikuwa kimya kikaanza kuyumbisha mfumo. Lakini nilipozipa kasi za uharibikaji tofauti kubwa, mRNA ikiharibika haraka na kolesteroli ikidumu, mawimbi yalikufa. Kundi la watafiti, akiwemo Marcus Tindall wa chuo kikuu cha Reading, lilichapisha mwaka 2014 modeli ya njia hii, likaonyesha kwamba hali tulivu moja tu iliyo chanya inaweza kutulia moja kwa moja, kutulia kwa mawimbi yanayofifia, au kuyumba, kutegemea vigezo. Nilipata tabia zote tatu kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4, kila jaribio likiisha kabla sijanyanyua kikombe.

Baba yangu anatumia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kwa hiyo jaribio lililofuata lilikuwa na uzito mwingine. Statini inakizuia HMGCR. Kwenye modeli, kolesteroli ya ndani inashuka, SREBP-2 inaamka, vipokezi vinaongezeka, na LDL ya nje inapungua. Hapo unaelewa kwamba faida kubwa ya dawa inatokana na jibu la seli yenyewe. Ila SREBP-2 hiyohiyo inawasha pia PCSK9, protini inayopeleka vipokezi kuharibiwa. Nikaiongeza. Kila nilipozidisha dozi maradufu, nafuu ya ziada ilikuwa ndogo. Madaktari wanalijua hilo kwa wagonjwa: dozi ikiongezwa maradufu, LDL hushuka zaidi kwa takriban asilimia 6 tu, na PCSK9 ni sehemu ya sababu. Kuna vitelezi unavyoweza kuvivuta ukaona grafu ikibadilika papo hapo, na kwa darasa hakuna chombo kizuri kuliko hicho.

Mapungufu yapo. Menyu zote ni za Kiingereza, na mti wa upande wa kushoto umejaa majina yatakayomtisha mgeni. Vipimo vya muda, ujazo na kiasi vichague kabla hujaandika mmenyuko wa kwanza. Na programu haijui baiolojia: ukiipa kasi isiyowezekana kwenye ini la mtu yeyote, itakuchorea grafu nzuri tu. Pia kila sehemu ya seli inahesabiwa kana kwamba imekorogwa vizuri, kwa hiyo anayetaka kufuatilia kolesteroli ikisambaa juu ya utando, sehemu hadi sehemu, atafute zana nyingine.

Usianze na ukurasa mtupu. Ingia BioModels, hifadhi ya bure ya modeli za baiolojia inayotunzwa na taasisi ya EMBL-EBI huko Uingereza, utafute modeli ya Mark Mc Auley na wenzake ya mwaka 2012 kuhusu kolesteroli ya mwili mzima na uzee. Ipakue kwa SBML, muundo wa faili wa kubadilishana modeli za namna hii, ifungue ndani ya COPASI, kisha nenda kwenye ule ukurasa wa milinganyo, uisome kwa penseli mkononi kabla hujabonyeza kitufe chochote cha kuendesha.