Siti ya mtu mmoja: nimelipa sh. 85,000, nikaongezewa na kejeli

Hili nimelibeba moyoni tangu kabla ya masika, leo naliandika.

Nauza dawa za mifugo. Karibu kila wiki natoka Morogoro mjini, napita Dumila, nafika Gairo. Nyuma nabeba boksi la barafu lenye chanjo, abiria sipakii kabisa. Ndiyo maana nikataka siti ndefu ya pikipiki yangu, Boxer, ikatwe ibaki ya mtu mmoja, na sehemu iliyobaki ifungwe keria. Jamaa wa kijiweni wakanielekeza kwa fundi. Nilipoikalia pale kwake ikabonyea vizuri, nikalipa sh. 85,000 nikaondoka nina furaha.

Jamani, ulaini wa siti ya pikipiki iliyosimama usiwadanganye. Kufika Dakawa sponji ilishalala, nimekalia bati. Kila rasta, vile vituta vya barabarani, naipokea kwenye uti wa mgongo. Mshono kaupitisha katikati, pale pale unapokalia. Halafu siti imeinamia mbele, ukishika breki unateleza hadi kwenye tangi. Gairo nilishuka nikashika nguzo ya banda la mteja, miguu imekufa ganzi.

Nikamrudia kwa upole. "Fundi, naomba unibadilishie sponji tu, hata nikiongeza kidogo." Macho hakuyatoa kwenye cherehani. "Mzee, siti haina tatizo. Wewe ndiyo huna nyama." Vijana wote pale wakaangua kicheko. Huyo ni rika la mwanangu wa kwanza! Na hela yangu ameshakula! Nilishindwa hata kumjibu, nikawasha pikipiki nikaondoka.

Msiende kwake. Ndivyo nilivyokusudia kuandika na kuishia hapo.

Ila kuna fundi mwingine, huyu anashona masofa. Aliifungua, akaitoa sponji yote, akaweka ile ngumu ya madoadoa, ya vipande vilivyogandishwa, juu akalaza laini unene wa kidole tu. Mbele akapainua kidogo, mshono akausogeza pembeni. Akanieleza kwamba mtu hubebwa na mifupa miwili ya makalioni, hivyo siti iwe pana kwa nyuma na ikaze, ulaini unafuata baadaye. Akachukua sh. 20,000. Alipomaliza akaligonga lile bati, akasema aliyelikunja ni fundi hasa, yeye mwenyewe asingeweza. Iliniuma kusikia hivyo, lakini ni kweli. Sasa nafika Gairo bila kupumzika Dumila, nashuka mgongo umenyooka.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Kwa kukata na kukunja bati, mkono wa yule fundi wa kwanza ni mzuri, nendeni. Sponji mnunue wenyewe, na hela ya mwisho msitoe kabla hamjaiendesha nusu saa nzima barabarani. Mimi sirudi. Labda aniite aniombe radhi, tena mbele ya vijana wale wale waliocheka.