MEWAKA huku Nyanda za Juu Kusini: inapolipa na inapokula alasiri bure

Mwalimu wa shule ya msingi Rungwe, Mufindi au Makete anayetaka kujinoa bila kuacha kazi ana milango minne: kikao cha jumuiya ya ujifunzaji (walimu wanaokutana kujifunza pamoja) shuleni kwake, mafunzo ya klasta (kundi la shule jirani), kozi za mtandaoni za Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na semina ya wilaya inayoitishwa mtaala unapobadilika. Mitatu ya kwanza ndiyo inayounda MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Hapa yote minne inapimwa kwa swali moja tu: Jumatatu asubuhi, mbele ya watoto, kipi kimebadilika? Kwa kipimo hicho kikao cha shuleni, kisicho na posho wala chai, kinashinda vyote. Ndicho pia kinachoharibika upesi kuliko vyote.

Kwanza mzigo wenyewe. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 ulianza kutumika Januari 2024, na kwa shule za msingi ulianzia awali, darasa la kwanza na la tatu. Elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, kwa hiyo aliyekuwa darasa la tatu 2024 anafika la sita 2027 na kumalizia hapo, wakati aliyekuwa la nne 2024 anafika la saba mwaka huohuo. Makundi mawili, mlango mmoja wa kutokea. Mpaka siku hiyo shule inabeba mitaala miwili chini ya paa moja: mwaka 2026 la kwanza mpaka la tano wako kwenye mtaala mpya, la sita na la saba kwenye wa zamani. Mwalimu mwenye vipindi la tano na la sita anashika mihtasari miwili ya masomo yenye sura zinazofanana, na hapo ndipo watu wanapochanganya.

Wanachanganya kwa sababu maneno si mageni. Umahiri mkuu, umahiri mahususi, vigezo vya upimaji: aliyefundisha mtaala uliotangulia anayajua, akiyaona anasema "haya ni yaleyale," kisha ananakili azimio la kazi (mpango wa kufundishia wa mwaka) la mwaka juzi. Siyo yaleyale. Maarifa ya Jamii haipo tena kuanzia la tatu. Pamekuja Jiografia na Mazingira upande mmoja, na Historia ya Tanzania na Maadili upande mwingine, na Uraia na Maadili nayo haisimami tena peke yake. Pameongezwa Sanaa na Michezo. Kitabu cha zamani cha Maarifa ya Jamii kinaweza kukupa ramani au picha, lakini ukikifuata sura kwa sura utafundisha yasiyoulizwa na kuacha yanayoulizwa. Safu ya kusoma kwanza ndani ya muhtasari mpya ni ile ya vigezo vya upimaji, kisha idadi ya vipindi, ndipo urudi kwenye shughuli. Wengi huanza na shughuli, wakifika Septemba vipindi vimekwisha na umahiri umebaki nusu.

Semina ya wilaya

Hii tuipitie haraka. Inashuka ngazi kwa ngazi: wawezeshaji wa taifa wanafundisha wa mkoa au wilaya, hao wanafundisha wachache kutoka kila shule, wachache hao wanarudi kuwafundisha wenzao. Kila ngazi inapunguza muda. Kilichoelezwa kwa siku kadhaa juu kinafika ofisi ya walimu kama dakika 40 baada ya vipindi, kwa kumbukumbu za mtu mmoja aliyekaa nyuma ya ukumbi. Faida yake ni kuona nakala halisi za muhtasari na kuuliza maswali ya utaratibu: nani anafundisha nini, kitabu gani kinatumika, upimaji utakuwaje. Ukichaguliwa kwenda, usiandike hotuba. Piga picha kurasa za mfano wa andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja) na azimio la kazi, na urudi na mfano mmoja uliojazwa mpaka mwisho. Wenzako watajifunza zaidi kwa mfano huo kuliko kwa muhtasari wa yaliyosemwa.

Mtandaoni: Maktaba Mtandao na mfumo wa kozi wa TET

Maktaba Mtandao ya TET ina vitabu vya kiada na kuvisoma ni bure. Kwa shule ambayo kitabu kimoja kinashikwa na watoto wengi, huo ni msaada wa kweli. Mfumo wa kozi nao una moduli za mwalimu kujisomea peke yake na kujipima.

Ila mtandao wa simu mabondeni Makete, Kilolo na Ileje hautabiriki, kwa hiyo tumia kishikwambi kama ghala la kubebea vitu. Ukiwa mjini, Mwanjelwa, Mafinga au Makambako, pakua mihtasari ya masomo yako kwanza kwa kuwa ni mafaili mepesi. Vitabu vya madarasa ya chini vina picha nyingi na ni vizito, viache mwisho. Hifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, folda moja kwa kila darasa, na jina la faili liwe na mwaka wa toleo. Bila mwaka, baada ya miezi sita hutajua upi ni muhtasari wa la tano na upi ni wa zamani wa la sita. Ukifika shuleni warushie wenzako kwa bluetooth. Bando la mmoja linahudumia ofisi nzima.

Kuna tatizo linalowatesa watu na kumbe ni dogo. Vishikwambi vingi vilivyogawiwa walimu ndivyo vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Kikikaa siku nyingi kimezima mpaka chaji ikaisha kabisa, saa na tarehe hurudi nyuma. Ukiwasha na kufungua tovuti, kinakataa na kudai muunganisho si salama. Watu wanalaumu mtandao, wananunua bando jingine. Rekebisha tarehe kwanza. Tovuti zenye ulinzi hulinganisha cheti chao na tarehe ya kifaa, na kifaa kinachodhani bado ni mwaka wa zamani kitakikataa cheti kilichotolewa juzi.

Kabla ya kujisajili kwenye mfumo wa kozi, uwe na barua pepe unayoweza kuifungua mwenyewe, siyo ile uliyofunguliwa na kijana wa steshenari na nywila akabaki nayo yeye. Uwe na cheki namba (namba yako ya utumishi) pembeni, na majina uyaandike kama yalivyo kwenye taarifa zako za ajira. Maswali ya kujipima yajibu kwanza kwenye karatasi, kisha yajaze yote kwa mara moja mtandao ukiwa imara, maana ukikatika katikati huenda ukaanza upya.

Hukumu: kwa kupata nyaraka, ni huduma nzuri. Kwa kubadilisha ufundishaji, ni dhaifu ikiachwa peke yake. Mtu anaweza kumaliza moduli ya upimaji kwa alama safi jioni moja na kesho yake akatoa zoezi lilelile la maswali kumi ubaoni. Moduli ichukuliwe kuwa maandalizi ya kikao cha shuleni: kila mmoja asome sehemu ileile Jumatatu, mjadala Jumatano.

Kikao cha shuleni

Hapa ndipo faida ilipo, na haihitaji pesa. Kinachofanya kazi ni mzunguko wa wiki tatu juu ya tatizo moja dogo.

Wiki ya kwanza, dakika 60. Mwalimu wa somo analeta madaftari kumi bila kuchagua ya wanafunzi bora. Tuseme ni Hisabati darasa la nne, vipimo vya uzito. Swali lilikuwa kubadili kilo 3 na gramu 50 kuwa gramu, na madaftari saba yana 350. Kikao kibovu kitasema "watoto hawasomi." Kikao kizuri kitauliza 350 imetoka wapi. Imetoka kwenye kuunganisha 3 na 50 kama maneno yanavyotamkwa, bila kujua kwamba upande wa gramu una nafasi tatu, ya mia, ya kumi na ya moja, na nafasi ya mia ikiwa tupu lazima ishikwe na sifuri. Jibu ni 3,050. Kosa hilo ni la thamani ya nafasi, somo la madarasa ya nyuma. Uzito umelifichua tu.

Wiki ya pili, walimu wawili wanaandaa andalio moja la dakika 40. Zana ni za dukani: pakiti tatu za sukari za kilo moja, pakiti ndogo ya majani ya chai ya gramu 50, na mizani ya kuazima kwa mwenye duka. (Eneo hili lisilokosa chai lina haki ya kuitumia darasani.) Watoto wanashika kilo kwa mkono mmoja na gramu 50 kwa mwingine, wanajaza jedwali la safu nne, kilo, mia, kumi, moja, ndipo wanaandika. Mmoja anafundisha. Wengine watatu wanakaa nyuma, kila mmoja akifuatilia watoto wawili tu na kuandika walichofanya watoto: nani aliacha safu ya mia tupu, nani alinakili kwa jirani, dakika ya ngapi. Hawamwandiki mwalimu. Kanuni hii ikivunjwa, mwaka mzima hakuna atakayekubali kuingiliwa darasani.

Siku hiyohiyo, dakika 20 za mazungumzo. Aliyefundisha anaongea kwanza, kisha mgeni kazini kuliko wote, Mwalimu Mkuu mwisho. Ukianza na Mwalimu Mkuu, mazungumzo yamekwisha hapo. Adabu yetu haimruhusu kijana aliyeripoti juzi kumpinga mkubwa mbele ya watu, basi mpeni nafasi kabla mkubwa hajasema.

Wiki ya tatu, somo linarudiwa mkondo B likiwa na marekebisho, na madaftari kumi mapya yanakaguliwa. Saba yakishuka kuwa mawili, fungeni. Yakibaki sita, tatizo lilisomwa vibaya na mnaanza tena.

Somo lolote linakubali utaratibu huu. Kwa Historia ya Tanzania na Maadili, shule za Iringa zina utajiri mlangoni: Kalenga ya Mkwawa, na Lugalo ambako Wahehe waliwashinda askari wa Kijerumani tarehe 17 Agosti 1891. Kazi ya kikao ni kuamua mtoto atafanya nini na habari hiyo. Akiimba tarehe, hakuna umahiri uliopimwa. Akipanga matukio manne kwenye mstari wa wakati, Lugalo 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga 1894, kifo cha Mkwawa 1898, kurudishwa kwa fuvu lake kutoka Ujerumani 1954, kisha akaeleza kwa nini watu walilidai kwa miaka mingi hivyo, kuna cha kupima.

Vinavyoharibu ni vilevile kila mahali. Kikao kinamezwa na matangazo ya michango na uji wa wanafunzi. Dawa yake ni kutenganisha kabisa siku ya kikao cha walimu na siku ya jumuiya. Kikao kinaandikwa bila kufanyika ili mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akija akute muhtasari wa kikao. Njia rahisi ya kulitambua daftari la namna hiyo ni wino mmoja, mwandiko mmoja, vikao sita. Kumbukumbu ya kweli haihitaji kurasa: tatizo, tulichobadilisha, madaftari mangapi yalikosea kabla na baada. Halafu kuna suala la nani anabaki na madarasa ya walimu watatu walioenda kutazama. Ukiwa na watoto 90 kwenye chumba huwezi kuwaacha. Pangeni somo la kutazamwa liwe kipindi cha mwisho, madarasa ya chini yakiwa yameshatoka, ili walimu wao ndio wawe watazamaji.

Shule yenye walimu sita au saba haiwezi kuunda jumuiya kwa kila somo, na isijaribu. Makundi mawili yanatosha: awali mpaka la pili wakishughulikia kusoma, kuandika na kuhesabu, na la tatu kwenda juu.

Klasta

Kwenye karatasi, klasta ndiyo jibu la shule ndogo. Kwenye barabara ya udongo mwezi Februari, mvua za Rungwe zikiwa zimekolea, ni safari ya nusu siku na nauli ya bodaboda ambayo lazima mtu aitoe. Ruzuku ya uendeshaji inayofika shule ya msingi ni shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kati ya 10,000 zilizopangwa. Shule ya watoto 300 inapata 1,800,000, sawa na 150,000 kwa mwezi kwa chaki, karatasi, mitihani na ukarabati. Nauli za walimu watano kila mwezi hazimo humo. Ombeni Afisa Elimu Kata aweke klasta mbili kwa mwaka, Juni mwanzoni na Septemba, barabara zikiwa kavu, na kila shule ije na mzunguko mmoja uliokamilika pamoja na madaftari yake. Klasta ya kusomeana maandiko ukutani ivunjeni mapema watu wawahi.

Masomo ya chuo ni jambo jingine. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kiko Iringa, na Chuo Kikuu Huria kina vituo Mbeya na Iringa. Shahada inabadilisha muundo wako wa utumishi. Haitakusaidia na andalio la wiki ijayo. Pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kulipa ada.

Kuhusu siku ya kikao, Jumatano saa 8:30 mchana inafaa shule nyingi. Jumatatu kila mtu yuko na azimio. Ijumaa usijaribu, hasa kwa shule ambazo nusu ya ofisi ina familia mjini: kuanzia saa saba macho yote yanakuwa barabarani yakitafuta Costa.