Mandhari kwa rangi za mafuta: umalize nje, au ujenge ndani?

John Constable wa Uingereza alifanya yote mawili. Mwaka 1821 na 1822 alichora mawingu ya Hampstead papo hapo, na nyuma ya mengi ya michoro hiyo akaandika tarehe, saa na hali ya upepo. Lakini The Hay Wain, turubai ya sentimita 130 kwa 185, aliijenga ndani ya studio yake London, akitegemea michoro aliyoifanya nje.

Nje unapaka rangi mbichi juu ya mbichi, haraka, kwa sababu baada ya saa mbili hivi vivuli vimeshahama. Chukua ubao mdogo na rangi chache. Hatari yake ni tope: ukipitisha brashi mara nyingi mno, rangi huchanganyika zikafifia.

Ndani una muda. Tabaka la kwanza huzimuliwa kwa tapentaini, likauke, kisha zifuate tabaka zenye mafuta ya kitani mengi zaidi. Mpangilio huo usiugeuze! Rangi ya mafuta hukauka kwa kufyonza oksijeni, na tabaka lenye mafuta machache likilala juu ya lenye mafuta mengi hupasuka.

Kwa anayeanza, mimi nasema nje, bila kusita. Picha ya kamera huvifanya vivuli kuwa vyeusi tu, ilhali macho huona humo buluu, zambarau, hata kijani kilichoakisiwa na majani. Studio itamfaa zaidi akishakuwa na michoro yake mwenyewe ya kurejelea.