Uzoefu Wangu: Kongamano la Usimamizi wa Miradi na Uchaguzi wa Cheti

Kongamano la wasimamizi wa miradi nililohudhuria lina manufaa makubwa kwa mtu ambaye tayari ana mradi mikononi na swali linalomsumbua, na lina manufaa madogo kwa anayetarajia kufundishwa kazi kuanzia mwanzo. Nalisema hili mapema kwa sababu tangazo lake liliahidi yote mawili, na ukumbini niliwakuta vijana walioamini kwamba kuhudhuria kungewatosha badala ya kozi ya maandalizi ya mtihani. Mada inayotolewa kwa muda usiofika saa moja inaweza kukufumbua macho, lakini haiwezi kukufundisha kupanga ratiba, kukadiria gharama wala kuandaa rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuudhuru mradi.

Swali lililonipeleka lilikuwa la sifa za kitaaluma. Nimeongoza miradi kwa miaka kadhaa bila cheti kinachotambulika kimataifa, na kila niliyemwomba ushauri alinipendekezea kile alichonacho yeye. Ndiyo maana mjadala wa jopo kuhusu vyeti ulikuwa, kwa upande wangu, sehemu bora kuliko zote. Wanajopo walikuwa na vyeti tofauti, na mwongoza mjadala aliwazuia kuvisifia, akawataka waeleze kila cheti kinapima nini hasa.

Kwa PMP, cheti cha msimamizi wa miradi kinachotolewa na PMI, taasisi ya Marekani ya taaluma hiyo, tangu mwaka 1984, tulielezwa kwamba mwenye shahada ya miaka minne anatakiwa awe na uzoefu wa miezi 36 wa kuongoza miradi, na asiye na shahada miezi 60, pamoja na saa 35 za mafunzo rasmi. Mtihani ulioanza kutumika mwaka 2021 uliwekewa maswali 180 ya kujibiwa kwa dakika 230, na takribani nusu yake yalihusu mbinu za ajaili (agile, yaani kufanya kazi kwa vipande vifupi na kurekebisha mpango njiani) au mseto wake na mbinu za kupanga kila kitu mwanzoni. Maswali mengi hukupa kisa, kisha hukuuliza meneja afanye nini kwanza. Kwa hiyo kinachopimwa ni busara ya uamuzi kwenye karatasi.

PRINCE2 ni kitu cha aina nyingine. Ilizaliwa ndani ya serikali ya Uingereza, ikatolewa mwaka 1996 kwa matumizi ya miradi ya kila namna, na ni njia kamili ya kuendesha mradi: nani ana mamlaka gani, mradi unagawanywaje katika hatua, na ni lini meneja analazimika kurudi kwa bodi ya mradi kuomba uamuzi. Ngazi yake ya msingi haidai uzoefu wowote. Hapo kinachopimwa ni kama unaijua njia hiyo na, katika ngazi inayofuata, kama unaweza kuitumia kwenye mazingira uliyopewa.

IPMA, shirikisho la vyama vya kitaifa vya usimamizi wa miradi lenye historia inayoanzia mwaka 1965, lina ngazi nne za vyeti zinazopanda kutoka D hadi A. Ngazi ya D hupima maarifa, lakini kuanzia C kwenda juu mwombaji hueleza miradi aliyoiongoza na kuhojiwa na watathmini kuhusu yale aliyoyafanya mwenyewe. Mwanajopo mmoja, mhandisi wa siku nyingi, alitueleza jinsi watathmini walivyombana kuhusu mgogoro na mkandarasi mpaka akaeleza maneno aliyoyatumia mezani. Ukumbi ulitulia kumsikiliza, na nadhani kila mmoja wetu alijiuliza kama angeweza kustahimili mahojiano ya namna hiyo.

Nilitoka kwenye mjadala ule nikiwa na kipimo ambacho sikuwa nacho: cheti kichaguliwe kwa kutazama pengo lililopo katika kazi ya mtu, na umaarufu wa jina lake uje baadaye. Katika miradi ninayoiongoza, ratiba hazinishindi sana. Kinachotuchelewesha ni maamuzi yasiyo na mwenyewe. Ombi la kubadili wigo wa mradi huzunguka kutoka idara moja hadi nyingine, kila mkuu akisubiri mwenzake atie saini ya kwanza. PRINCE2 inagusa donda hilo moja kwa moja, kwa kuwa inamtaka meneja akubaliane mapema na bodi kuhusu viwango vya muda na gharama ambavyo ndani yake anaamua mwenyewe, na nje yake anapeleka suala juu mara moja. Nimeamua kuanza na hiyo. Anayefanya kazi na waajiri wanaotaja PMP katika kila tangazo la nafasi atakuwa na sababu nzuri ya kuamua vinginevyo, na jopo lilikuwa na uaminifu wa kulisema hilo waziwazi.

Warsha ya udhibiti wa gharama ilinipa faida ya haraka zaidi. Mwezeshaji hakutumia slaidi nyingi. Alitugawia takwimu za mradi wa kubuni na kututaka tutoe hukumu. Bajeti nzima ni 100. Kufikia leo kazi yenye thamani ya 50 ilipaswa kuwa imekamilika. Iliyokamilika ina thamani ya 40, na fedha zilizotumika ni 60. Taarifa ya kawaida ya mhasibu ingeonyesha tu kwamba matumizi yamezidi mpango kwa 10, jambo ambalo wakuu wengi wangelivumilia. Lakini ukigawanya 40 kwa 60 unapata 0.67, maana yake kila shilingi moja inayotoka inazaa kazi ya theluthi mbili tu ya thamani yake. Mwenendo huo usipobadilika, mradi utamalizika kwa 150, yaani 100 ikigawanywa kwa theluthi mbili. Kanuni hizi nilikuwa nimezisoma, lakini kukaa na watu wa ujenzi, afya na programu za kompyuta tukibishana juu ya takwimu zilezile kulinionyesha jinsi taarifa ya fedha peke yake inavyoweza kuificha bodi ukweli kwa miezi mingi. Nilianza kuitumia hesabu hiyo katika taarifa ya mwezi uliofuata.

Kikao kingine chenye uzito kilihusu zoezi alilolieneza mwanasaikolojia Gary Klein, ambapo timu, kabla ya kuanza kazi, hujifanya kwamba mradi umekwishashindwa kabisa na kila mmoja huandika sababu za kushindwa huko. Tulilifanya palepale. Wale wadogo kwa cheo, ambao katika kikao cha kawaida wangeogopa kuonekana wakatisha tamaa, ndio walioandika mambo mazito zaidi.

Hotuba ya ufunguzi haikunisaidia. Ilisifu uongozi kwa jumla bila kutaja mradi hata mmoja. Kilichoniudhi zaidi ni kikao kilichotangazwa kuwa cha usimamizi wa vihatarishi, kumbe kilikuwa cha kuuza programu ya kompyuta, na kwa kuwa vikao vilienda sambamba, waliokichagua walikosa mada nyingine nzuri chumba cha jirani. Mdhamini ana haki ya kuonyesha bidhaa yake, lakini ratiba iseme hivyo.

Kasoro ya mwisho inaonekana ndogo, ila inawaumiza wenye vyeti. Mwenye PMP anatakiwa akusanye alama 60 za kujiendeleza kila baada ya miaka mitatu, kwa kawaida saa moja ya kujifunza ikihesabiwa alama moja, na PMI inaweza kumchagua ili ithibitishe madai yake. Hati ya mahudhurio tuliyopewa ilitaja jina la kongamano na tarehe tu, bila saa wala mada za vikao. Nawashauri watakaohudhuria watunze ratiba iliyochapishwa, waweke alama kwenye kila kikao walichokaa hadi mwisho, na wamwombe mwandaaji barua yenye idadi ya saa kabla ya kuondoka, kwani kuifuatilia baadaye kwa barua pepe kuliwachosha wenzangu kadhaa.

Mwakani nitahudhuria tena iwapo warsha zitaongezwa. Nitajiandikisha mapema kwa zile zenye nafasi chache, kwa sababu hujaa kabla ya siku ya ufunguzi, na nitampeleka msimamizi wa fedha wa mradi wetu akakae kwenye warsha ya gharama.