Nimeishi na "Control" ya Janet Jackson mwezi mzima

Albamu hii nilikuwa naijua kwa vipande vipande. Kibao kimoja nilikisikia harusini, kingine kwenye gari la rafiki, na kimoja kwa miaka mingi nilidhani ni cha mwimbaji mwingine kabisa. Mwezi uliopita niliamua kuisikiliza yote, toka mwanzo hadi mwisho, hedifoni masikioni. Ni nyimbo 9 tu, dakika 40 na ushei, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Ilitoka Februari 1986, Janet akiwa na miaka 19. Nyuma yake kulikuwa na albamu mbili zisizofika mbali, na baba yake, Joseph, ndiye aliyekuwa meneja wake. Ndoa yake ya mapema ilikuwa imeshabatilishwa. Basi akamwondoa baba kwenye umeneja, akaenda Minneapolis kwa Jimmy Jam na Terry Lewis, maprodyuza wawili ambao mwanamuziki Prince alikuwa amewatimua kwenye bendi ya The Time mwaka 1983. Binti aliyemkwepa bosi wake amekutana na vijana waliofukuzwa na bosi wao. Mziki wa adabu hapo ungetoka wapi?

Jam na Lewis wamesimulia kwamba siku za mwanzo hawakurekodi chochote. Walizunguka naye, wakapiga soga. Alipouliza kazi itaanza lini, wakamwonyesha maneno ya wimbo yaliyotokana na mazungumzo yale yale. Ukishajua hilo, unaelewa kwa nini wimbo wa kwanza unaanza akiwa anaongea na si kuimba: ni soga ile inaendelea, sasa mbele ya watu.

Kilichonikamata zaidi ni ngoma. Ni ngoma za mashine, kavu, zimesukumwa mbele kiasi kwamba kila pigo ni kama mlango unaobamizwa. Kwenye "Nasty" zinagonga hadi unakunja sura bila kujijua. Wimbo huo ulitokana na wanaume waliomsumbua nje ya hoteli huko huko Minneapolis, naye anawajibu kwa kudai aitwe kwa heshima, kwa jina la ukoo. Nilikuwa nacheka, maana jina hilo la Jackson, la kaka zake kina Michael, ndilo alilokuwa anahangaika kutoka kivulini mwake.

Sauti yake ni ndogo. Wiki ya kwanza nililiona hilo kuwa kasoro, nikawa nangoja apaze, hapazi. Baadaye nikagundua anaitumia kama chombo kingine cha mdundo: anakata maneno, anapumua katikati ya pigo, anaacha nafasi. Mwimbaji mwenye kifua kikubwa angegombana na ngoma zile na wote wawili wangeumia. "The Pleasure Principle", iliyoandikwa na mwanamuziki Monte Moir, ndiyo inayonithibitishia. Hapo haombi wala halii, anaondoka tu, na sauti haitetereki.

Kuna mahali nilichoka. "He Doesn't Know I'm Alive" inamrudisha kuwa msichana wa shule anayemchungulia mvulana asiyemwona, baada ya nusu saa ya kutuambia yeye ndiye mwenye usukani. Sijaelewa imefuata nini pale. Na wimbo wa kufunga ni wa kunong'ona mno, mara mbili nimesinzia. Vinanda navyo vimezeeka, mlio wake unautambua mara moja kuwa ni wa miaka ya 1980. Mimi haunisumbui, lakini mdogo wangu alitoka chumbani.

"Let's Wait Awhile" nilikuwa naipita kama wimbo wa mapenzi wa kawaida. Safari hii nimeisikia vingine. Anamwambia mpenzi wake wangoje kidogo, kwa upole, bila kutoa hotuba. Kwangu mimi hapo pana uhuru kuliko kwenye vibao vyote vya kupiga meza.

Usiisikilize kwa spika ya simu, bezi yote inapotea na kinachobaki ni kelele za makopo. Nampa nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeinyima kwa ajili ya yule mvulana asiyemwona. Wimbo namba 6, "When I Think of You", ndio uliompa namba moja yake ya kwanza Marekani, na ndio ninaourudia ninapoosha vyombo.