Besi na vyombo vya kurekodia vilivyotumika: nini ununue Mtwara na Lindi, nini ukiache

Korosho ikishauzwa, kila mtu huku Kusini ana mpango. Mmoja anaezeka bati, mwingine anachukua bodaboda, na vijana wa kwaya na bendi wanatafuta gitaa la besi. Ikifika Januari, sare na madaftari vikigonga hodi, simu zinaanza kulia kinyume: "Kaka, ile besi bado unaitaka? Nitakupunguzia."

Kwa hiyo ukiweza kusubiri, nunua kati ya Januari na Machi. Chombo kilekile ambacho mwezi wa Novemba mwenyewe alikuwa hataki hata ukiguse, mwezi wa Februari anakuletea hadi nyumbani kwa pikipiki.

Orodha hii sikuipanga kwa utamu wa sauti. Nimeipanga kwa usalama wa pesa yako, nikianza na kitu ambacho ni vigumu kupata hasara hata kikiwa kimetumika miaka mingi. Kipimo changu ni kimoja: hewa ya bahari. Aliyeishi Shangani au Mikindani anajua bawaba ya dirisha inavyoliwa na chumvi. Chumvi hiyohiyo inaingia kwenye tundu la jeki (pale unapochomeka waya), kwenye vinobu na kwenye vijisakiti. Mbao inavumilia. Umeme mwingi ndani ya boksi dogo hauvumilii.

1. Besi ya nyuzi nne isiyotumia betri

Hapa sina shaka hata kidogo. Iwe Yamaha, Squier, Ibanez za bei ya chini, au hata ile isiyo na jina la maana, nunua iliyotumika na uweke akiba ya pesa yako. Fender walianza kuuza besi yao ya Precision mwaka 1951, na besi nyingi za bei nafuu leo bado zinafuata mpango uleule: shingo imefungwa kwa skrubu, pikapu (usifikirie gari, ni kile kinachonasa mlio wa nyuzi), vinobu viwili vitatu, tundu la jeki, basi. Fundi redio yeyote anayejua kuchomea waya ataitengeneza hapahapa mjini bila kuituma Dar.

Kinachoua besi ni shingo, kwa hiyo anza na shingo, hata kabla hujaichomeka. Ishike kama mtu anayelenga shabaha, jicho likiwa upande wa kichwani, utazame kingo zake mbili. Kingo zikiwa hazilingani, moja imepanda na nyingine imeshuka kama ubao uliolala juani, shingo imejisokota. Mrudishie mwenyewe, mshukuru, ondoka. Usikubali maneno ya "fundi ataiweka sawa".

Shingo ikiwa imepinda tu bila kujisokota, hilo lina dawa. Bonyeza uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vilivyolala shingoni) ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja, halafu angalia uwazi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Uwazi ukitosha kupitisha vocha ya kukwangua tu, iko vizuri. Ukitosha kupitisha hata sarafu, shingo imevutwa sana na nyuzi. Ndani ya shingo kuna chuma cha kuinyoosha, na nati yake inafunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita. Mwambie muuzaji aizungushe robo mzunguko mbele yako. Ikikataa, au tundu la nati limeshalika likawa duara, hiyo ni besi ya kutundika ukutani. Ilipe bei ya pambo au iache.

Kuna jambo la kwetu ambalo maelekezo ya kiwandani hayalisemi. Besi iliyokaa Newala, juu kule kwenye uwanda wa Makonde penye baridi, ukiishusha pwani shingo yake itasogea. Usikimbilie kuikaza siku ileile. Iache ndani ya nyumba wiki mbili izoee, ndipo uirekebishe mara moja. Vivyo hivyo ukiitoa Lindi mjini kuipeleka Masasi.

Kutu kwenye nyuzi kusikutishe, nyuzi hubadilishwa. Ila seti ya nyuzi za besi si pesa ya chai, kwa hiyo iondoe kwenye bei. (Kuzichemsha ili zirudishe mlio kunafanya kazi kweli, siku chache tu. Usitumie sufuria ya mama.) Kutu kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa besi, ndiyo ya kuogopa: skrubu ndogo zinazopandisha na kusogeza vile vitako vya nyuzi zikiganda, huwezi kusahihisha sauti tena. Jaribu kila moja. Kisha pakua programu ya kutyuni kwenye simu, gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, usikie ule mlio wa filimbi, halafu ubonyeze palepale. Noti mbili hizo zinatakiwa zifanane. Zikitofautiana kidogo, na skrubu zinazunguka, ni kazi ya dakika kumi.

Sasa ichomeke. Zungusha vinobu vyote. Vikikwaruza, ni vumbi na chumvi, dawa ya kupuliza inasaidia. Ikivuma, gusa nyuzi: mvumo ukipungua ni kawaida, ukizidi kuna waya wa ethi umekatika ndani, nao ni wa kuunganisha tu. Lakini kama ukigusa nyuzi na maiki kwa pamoja unapigwa shoti, tatizo halipo kwenye gitaa, lipo kwenye nyumba. Soketi nyingi mitaani hazina ethi. Usijaribu besi ya mtu katika hali hiyo, na mwambie naye asiendelee kupiga hapo.

Jina la Fender kichwani lisikupandishie bei. Stika ni rahisi kubandika. Kama muuzaji hana namna ya kuonyesha ilikotoka, inunue kama besi isiyo na jina, na ikitokea ni ya kweli, hiyo ni bahati yako.

2. Maiki ya dainamiki

Shure SM58 ilitoka mwaka 1966 na bado ndiyo maiki ya kwaya, ya mahubiri na ya mkutano wa hadhara. Haina betri, haihitaji umeme kutoka kwenye mixa, inaanguka inaokotwa. Kwa vumbi letu na chumvi yetu hakuna maiki bora kuinunua ikiwa imetumika.

Shida yake ni feki, nazo ni nyingi mno. Ya kweli ina uzito wa gramu 298. Mwombe sonara akupimie, ni dakika moja. Ikiwa nyepesi waziwazi, itilie shaka. Tena ile ya kawaida haina swichi ya kuwasha na kuzima. Ipo aina yenye swichi, ila muuzaji akikwambia ni ya kawaida huku swichi ipo, hajui anachouza au anajua sana. Wavu ukiwa umebonyea si neno. Feki nayo inaweza kufanya kazi ya tangazo la mtaa, mradi ulipe bei ya feki.

3. Saundi kadi ndogo ya USB

Hii ndiyo inayogeuza chumba cha kulala kuwa studio. Kwa mpiga besi ni muhimu kuliko amplifaya: unachomeka gitaa moja kwa moja, unavaa hedifoni, unarekodi saa sita usiku bila jirani kubisha hodi. Zile ndogo zenye matundu mawili zinakula umeme wa kompyuta kupitia waya wa USB. Maana yake TANESCO wakikata, laptopu ikiwa na chaji, unamaliza ulichoanza.

Focusrite Scarlett ndizo zinazozunguka sana. Kizazi cha kwanza kilitoka 2011, cha pili 2016, cha tatu 2019, cha nne 2023. Kwa Solo na 2i2, zile ndogo zao, huhitaji kusoma kibandiko: vizazi viwili vya mwanzo vina tundu la USB la mraba kama la printa, kuanzia cha tatu ni tundu dogo la mviringo kama la chaja za simu za sasa. Cha pili kikiwa kizima kinatosha kabisa kwa kazi zetu. Usidanganywe ulipe bei ya cha nne kwa chombo chenye tundu la printa. Behringer UMC22 na UMC202HD ni za bei ya chini zaidi, nazo si mbaya.

Nenda na laptopu yako mwenyewe, si ya muuzaji. Rekodi besi dakika mbili kwa kila tundu, ukiwa umebonyeza swichi ya gitaa, huku unatikisa waya wa USB taratibu. Sauti ikikatika, tundu limelegea kwenye sakiti, na hilo ndilo gonjwa lao kubwa. Sikiliza hedifoni kushoto na kulia. Washa ule umeme wa volti 48 unaolisha maiki ya kondensa (ile nyeti ya studio), ukiwa na maiki hiyo ya kuazima. Programu za bure zilizokuja nayo zisahau, mara nyingi zimeshasajiliwa kwa mtu wa kwanza.

4. Hedifoni

Nunua, ukibadilisha sponji za masikioni. Uzi mnene wa besi unapiga mitikisiko 41 kwa sekunde, na spika za studio za inchi tano haziutoi vizuri huko chini. Hedifoni nzuri inautoa. Kwa hiyo kama pesa ni ya kitu kimoja kati ya hivyo viwili, chukua hedifoni, usihangaike.

5. Spika za studio na amplifaya ya besi

Nunua tu kama chombo kipo Mtwara au Lindi na umekisikia mwenyewe kwa sauti kubwa nusu saa nzima. Ubovu usiosikika kikiwa baridi hujitokeza kikipata moto. Nyuma angalia kimeandikwa volti ngapi. Kilichotoka Marekani kinaweza kuwa cha volti 120, cha Japani 100, na kwetu ni 230: ukichomeka bila transfoma, moshi. Vingine vina swichi ya kuchagua, na watoto hupenda sana kuichezea hiyo swichi.

Amplifaya usiitume kwa basi. Na usipige besi kwenye sabufa ya sebuleni ukidhani umeokoa pesa, utapasua karatasi ya spika wiki ya kwanza.

6. Besi ya nyuzi tano yenye betri

Najua, wapigaji wa kwaya wote wanaitaka, ule uzi wa tano wa B, mnene kuliko wote, unatikisa hadi madirisha. Mimi nilinunua ya kwangu ya kwanza kwa mtu wa Dar. Haikutoa sauti, akasema "betri tu imeisha, kaka". Nikaweka betri mpya ya volti 9, kimya. Nikafungua mgongo: betri ya zamani ilivuja miaka mingi iliyopita, sakiti yote imekuwa kijani kama shaba ya kale. Fundi aliitoa sakiti akaunganisha pikapu moja kwa moja, na besi inapiga hadi leo, ila nililipia chombo kizima.

Basi fungua kisanduku cha betri kwanza kabla ya salamu ya pili. Ikiwa kuna kijani au unga mweupe, bei ni ya besi isiyo na betri, na usiongeze.

7. Maiki ya kondensa

Kwenye unyevu wa pwani huanza kupasuka-pasuka sauti kama mahindi kwenye kikaango. Wakati mwingine ukiikaushia ndani ya boksi lenye vile vipakiti vya maboksi ya viatu inapona, wakati mwingine haiponi. Iliyotumika ni bahati nasibu. Kama ni lazima, chukua ya mtu aliyeihifadhi hivyo tangu mwanzo.

Mwisho kabisa, hata ukipewa kwa bei ya soda: saundi kadi za FireWire, aina ya waya wa zamani wa kompyuta. Zilikuwa nzuri enzi zake. Laptopu za leo hazina tundu lake.

Kununua kwa nani

Mtu uliyemwona akiipiga Jumapili iliyopita yuko juu ya wote. Ila uliza taratibu kama chombo ni chake au ni cha kanisa. Mpigaji anahama mtaa, anauza besi iliyochangiwa na waumini, kisha mzee wa kanisa anakuja kugonga mlango wako. Andikianeni karatasi, namba ya chombo iwemo, shahidi mmoja kila upande.

Cha Kariakoo au cha mtandaoni kinafuata. Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo usitume pesa kwanza. Tafuta ndugu aliye Dar akakijaribu, au mwambie muuzaji apige kwenye simu ya video, kila uzi, kila freti, polepole. Kikija kwa basi, nyuzi zilegezwe mzunguko mmoja au miwili, zisiachiwe zote. Kichwa cha gitaa kifungwe kwa nguo nene, maana ndicho kinachovunjika. Na mlipe kondakta kidogo akiweke mahali pasipo na magunia.

Ukiwa wewe ndiye unayeuza

Subiri Oktoba. Sema ubovu mwenyewe kabla hujaulizwa, mji huu ni mdogo na wapiga besi tunajuana wote. Safisha vinobu, usibadilishe nyuzi (anayenunua atataka zake), piga picha mchana karibu na dirisha, nyuma ya shingo na daraja vionekane. Andika volti, andika kizazi, andika umeitumia wapi. Ukisema "Newala" mnunuzi makini ataelewa kwa nini daraja halina kutu.

Na betri itoe leo, hata kama mnunuzi bado hajapatikana.